Hodi ya Msituni

Nilipokuwa mtoto kisiwani kwetu, katikati ya ziwa, hakuna aliyeingia msituni bila kupiga hodi. Mlango haukuwepo, na ndiyo maana jambo lile lilinichekesha. Nyanya alinieleza kwamba chini ya miti ile palikuwa na maboma ya watu. Mbung'o walileta ugonjwa wa malale, serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia kwa mashua, na msitu ukamea juu ya nyua zao. Wajukuu wao waliporudi, walijenga ufuoni tu. Kule ndani, alisema, wenyewe bado wapo, na asiyebisha hodi hupotezwa.

"Nimpigie nani hodi na hakuna mtu?" nilimuuliza. Darasa la tatu lilikuwa limenitia ujuaji.

Mchana mmoja nikaingia kimyakimya kutafuta kuni. Nikawafuata ngedere, na nilipogeuka, njia sikuiona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; langu lilinusurika, ila nguvu ziliniisha, nikajibwaga juu ya jiwe. Kumbe lilikuwa jiwe la kusagia, limelika katikati kwa mikono ya mwanamke fulani. Nilikuwa nimekalia jiko la mtu. Aibu ilinishika kuliko woga, nikasema hodi kwa sauti ndogo.

"Karibu," akaitikia mwanamke.

Nikaifuata sauti huku nalia, nikamkuta Nyanya ukingoni mwa msitu, kikapu kichwani. Hakunichapa. Lakini hadi anaingia kaburini alishikilia kwamba yeye aliita jina langu tu, hakusema karibu. Nyanya alipenda masihara, kwa hiyo sijui, na siku hizi sitaki kujua.

Nimekuwa muuguzi hapa Doha miaka mingi, na hata mazishi yake sikuyawahi. Hilo linaniuma mpaka leo. Ijumaa iliyopita, ambayo huku ndiyo siku yetu ya ibada, nikitoka kanisani mtaani Mesaimeer, mdogo wangu Opiyo alinipigia simu ya video kutoka kisiwani. Nyumba ya Nyanya imefungwa tangu msiba, miti imeshafika uani, naye alikuwa ameshika panga tayari kuifyeka. Nikamwomba apige hodi kwanza.

"Ah, sista, nampigia nani hodi na hakuna mtu?"

"Wewe piga tu."

Nilimwona akisita, kisha akashusha panga. Akabisha hodi polepole, kama mtu anayeona haya. Hakuna aliyejibu. Majani yalitikisika nyuma yake.

"Karibu," nikasema.