Barua ya Mgeni wa Benchi la Nyuma

Nilikuwa mama wa protokoli, wa kupokea watu mlangoni pa kanisa letu hapa Kisangani, na nilijiona hodari wa kusoma sura za watu. Majuma mawili kabla ya Jumapili ninayoisimulia, dada mmoja alifumba macho kuomba, akafumbua akakuta simu yake imekwenda. Tangu hapo nami nikawa naomba jicho moja wazi.

Jumapili ile ilikuwa ya meza ya Bwana. Kwetu mgeni yeyote anakaribishwa ibadani, lakini mkate na kikombe ni vya waliobatizwa, kwa hiyo mgeni huleta barua ya kanisa alikotoka. Kazi yangu ilikuwa kuiomba barua hiyo kwa kila mgeni. Mchungaji alikuwa amelikazia neno hilo: kila mgeni.

Wa kwanza alikuja na suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa. Nikampeleka mbele, kwenye kiti chenye mto. Barua sikumwomba. Niliona aibu kumsumbua mtu wa namna ile.

Wa pili alikuwa mzee mwenye buti za mvua zilizojaa matope na koti la rangi ya jeshi. Nilimpima toka kichwani hadi miguuni. Mwizi huyu, nikasema moyoni, au askari mtoro wa kambi ya jeshi ya Kapalata.

"Papa, unatafuta nani hapa?"

"Natafuta kusali, mama. Niko mugeni, natokea Maniema." Akatoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. "Barua yangu iko hii. Tangu nilitoka kwetu, mukate ya Bwana sijakula bado. Leo niko na furaha."

Furaha yake ikanizidishia shaka. Muhuri ulikuwa umefifia, na karatasi imekunjwa mpaka inachanika. Nani ajuaye, pengine iliandikiwa sokoni.

"Bon, tutaiangalia ibada ikiisha," nikamwambia, nikaitia ndani ya Biblia yangu. Nikamkalisha benchi la mwisho, nikasimama kando yake kulinda mikoba ya watu.

Sinia la mkate lilipofika, shemasi aliniangalia. Nikatikisa kichwa kukataa. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha polepole juu ya goti. Kule mbele, mwenye suti alikula na kunywa.

Ibada ilipokwisha nilimpelekea mchungaji ile barua, kifua mbele. Akaisoma, akaitambua sahihi. Yeye na aliyeiandika walisoma pamoja. Mgeni wangu alikuwa mzee wa kanisa kwao kwa miaka mingi.

"Na barua ya yule wa mbele?" akaniuliza.

Mwenye suti, aliyekuja kuaga, akajibu mwenyewe akicheka. "Barua gani, pasteri? Mimi nangojea tu ndege ya kesho, pale uwanja wa Bangboka. Hata ubatizo sina."

Mchungaji hakunigombeza. Alinirudishia karatasi tu, na afadhali angenigombeza. Nilikuwa nimejiita mlinzi wa mafundisho, kumbe mvunjaji ni mimi, na juu ya hayo nimemvunja mtu moyo.

Nilimkuta mzee nje, anaondoka.

"Papa, unisamehe. Nilikuzania mubaya. Urudi Jumapili, tutakuweka mbele."

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, kama nilivyomtazama mimi asubuhi. Kisha akanyoosha ule mkono.

"Nimekusamehe, mama. Lakini unirudishie barua yangu. Nitajaribu kanisa ingine."