Usingizi wa Shemeji

Kinyozi wa pale kona mdomo wake hauna likizo, lakini mkono wake ni mwepesi kama pamba. Huinua kidevu cha mteja kwa kidole kimoja tu, na shemeji yake, kaka wa mkewe, kila Jumamosi husinzia chini ya wembe hadi kukoroma. Jumamosi hii rais alikuwa ametangazwa jana yake. Nusu ya mtaa inapiga honi, nusu imejifungia ndani. Kinyozi alimpigia kura mshindi, shemeji alimpigia aliyeshindwa. Kinyozi akamfunga kitambaa, akainua kidevu, akaona kwenye kioo macho ya shemeji yamemtoka pima, yanaufuata wembe.

"Lala basi, shemeji."

"Nyoa tu. Leo sina usingizi."

Mkono ule wa kinyozi, ambao haukuwahi kumchubua mtu, ukakikamata kidevu kwa vidole vyote vitano.