Mafuta Bila Maji

Philemon wa Nyakitonto alikuwa na ulimi mchafu, na majirani tuliucheka tu maana haukuwa umetugusa. Kiangazi cha 1971 upepo wa milimani ulimpasua mkewe Theodosia miguu na mikono, ngozi ikawa nyeupe kama iliyopakwa majivu. Philemon akasema kilabuni, mbele ya watu, kwamba kulala naye ni kulala na gome la mti. Kisha akamfukuza na mtoto wao Crispin, akamwoa Tunu. Watoto wa kijiji wakamwita Theodosia Gome.

Alirudi kwao Mabamba akiwa na hasira ya kutafuna mawe. Huko bibi yake alimkataza maji ya moto na sabuni ya kufulia. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ayapake ngozi ingali na maji ya kuogea.

"Mafuta hayaleti maji, mjukuu wangu. Yanayafungia tu ndani."

Kiangazi kilichofuata ngozi yake ililainika. Hasira haikulainika. Aliapa kwamba siku Philemon akipasuka, dawa ataiona kwa macho na asipone.

Akahamia Kasulu kuuza mise sokoni. Kila mwanamke aliyenunua alinong'onezwa habari ya maji. Hata Tunu alinong'onezwa, maana yeye hakumtukana mtu.

Mwaka 1976 Philemon alikuja akichechemea, visigino vinatoka damu, viganja haviwezi kushika jembe. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alimwamkia kwa adabu, akamwita Mama Crispin, akauliza mafuta yanatumiwaje. Akaambiwa apake. Basi akawa anajisugua kwa maji ya moto na sabuni ya mche, anakaa juani hadi anakauka kau, ndipo anapaka. Alimeremeta kama sufuria na kupasuka vilevile. Tuliona raha, kwa nini tufiche?

Alirudi mara nyingine, safari hii akiwa amekasirika.

"Mama Crispin, Tunu anapaka haya haya. Mbona yeye hapasuki?"

"Muulize mkeo."

"Nimemuuliza. Ananiambia nipake tu."

Wanawake wote pale tulijua jina ambalo Philemon alimpa Tunu kilabuni mwaka huo, kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Alimwita debe tupu. Philemon akatutazama mmoja mmoja, na ngozi zetu laini, akingoja mtu aseme.

Theodosia akamtia chupa mkononi.

"Paka," akamwambia.