Signali Aliyoangukia Baba

Hadi leo, nikinusa mafuta ya taa, mkono wangu hutafuta shati la kushika. Baba alinukia hivyo. Kazi yake pale steshini ya Nakuru ilikuwa kupanda signali, ile milingoti ya chuma yenye mkono mwekundu wa kumwambia dereva wa treni asimame au apite, ajaze mafuta kwenye taa zake na kukata tambi. Mama alimtania kwamba ameoa stovu, nasi tulicheka mpaka majirani wa landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, wakagonga ukuta.

Asubuhi moja ya mvua aliteleza kwenye ngazi ya signali ya upande wa Gilgil. Alizikwa Nakuru kesho yake. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, safari zilitaka vibali, na habari ilipofika kwetu Bunyore udongo ulikuwa umeshakauka juu yake.

Kwetu, maiti isipofika nyumbani, wazee huzika mgomba mahali pake, ndipo watu hulia na kunyolewa nywele. Nyanya, mama yake baba, alikataa. "Siziki mgomba," alisema. "Huyo mwanamke anionyeshe mahali mwanangu alianguka." Huyo mwanamke alikuwa mama yangu. Tulipofika huko, hakuna aliyempa hata kiti. Nilimchukia nyanya, siwafichi.

Nyanya mwenyewe hangeweza kusafiri, miguu yake ilikuwa imevimba. Tukarudi Nakuru, kisha tukasikia kwamba signali za zamani zinakatwa, zinawekwa za taa za umeme. Mama alienda mbio kwa Petero, mpiga picha wa karibu na soko, akamsihi aipige picha ile aliyoangukia baba kabla mafundi hawajaifikia.

Tulienda naye. Petero aliinamia kamera yake, na mama akasimama chini ya ngazi, kiganja juu ya chuma, ili nyanya aone vizuri ni wapi. Picha ilipigwa. Nakumbuka mama alishusha pumzi.

Halafu askari akaja.

"Mama, nani amekutuma kupiga picha ya reli?"

"Afande, hapa ndipo bwanangu alipofia."

"Wote mnasema hivyo."

Akaifungua kamera, akaivuta filamu yote juani, akaitupa kwenye kokoto.

"Twende, Mama Rispa," Petero alimwambia, akimwita kwa jina langu. "Hapo hakuna kitu tena. Jua limekula yote."

Mama aliiokota hata hivyo, akaifunga ndani ya leso. Wiki hiyohiyo signali ililazwa kando ya reli, ikakatwa vipande.

Tuliporudi Bunyore, alimkabidhi nyanya ile filamu na kumweleza yote, hakuficha kitu. Nyanya aliinyanyua mlangoni penye mwanga. Ilikuwa kijivu tupu, mwanzo hadi mwisho. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ngazi ni ndefu," akamwambia mama. "Ndefu sana, mwanangu." Kisha akageukia watu waliokuwa uani. "Mpeni huyu kiti. Leteni mgomba."

Filamu ilizikwa pamoja na mgomba huo, na mama akalia kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Mimi nilidhani macho ya nyanya yameharibika, nikamwonea huruma kwa kudanganyika hivyo. Imenichukua nusu ya maisha yangu, na kumzika mwanangu mwenyewe, kukumbuka kwamba asubuhi iliyofuata aliniketisha pale pale mlangoni, akanitoa mwiba mdogo kidoleni ambao mimi mwenyewe sikuuona.