Saini Aliyoniachia Mimi Peke Yangu

Kaka yangu alikuwa fundi wa kompyuta kwenye hoteli moja ya watalii ukingoni mwa kreta, na ubishi wake wote ulikuwa wa kifundi. Figo zilipoanza kumsumbua hakuita kikao cha ukoo, kama watu wanavyofanya kwetu Karatu mtu akitaka kusema azikwe wapi. Alikuja kwangu mimi dada yake, niliyebaki kwenye mji wa baba, akaomba simu yangu, akaweka programu. Kisha akanitumia ujumbe akiwa amekaa pale pale jikoni anakoroga chai.

Ujumbe ulisema azikwe Oloipiri, karibu na boma la wakwe zake, mke wake na binti yao wanakoishi. Chini kulikuwa na saini yake ya kidijitali, na pembeni alama ya kijani, maana yake ni yeye na hakuna neno lililobadilishwa.

"Hii inathibitishwa na simu yako tu, dada. Ikivuja, wengine wataona takataka za herufi."

"Na nikiwaonyesha kwenye simu yangu?"

"Waonyeshe. Simu yako inaweza kutengeneza saini nyingine ya kufanana nayo kabisa. Wewe utajua hukuitengeneza. Wao hawana pa kujulia."

Akacheka, na mimi nikacheka. Hakutaka tu maneno yamfikie baba mdogo kabla ya wakati. Tangu baba afariki, baba mdogo ndiye mkubwa wetu, na alishamwonyesha kaka nafasi yake ya kuzikwa kando ya kaburi la baba.

Alifariki wakati wa mvua. Kwenye kikao nilisimama mbele ya wazee, mwanamke pekee wa kusema, nikawanyooshea simu. Mtoto wa baba mdogo, aliyesomea mambo hayo Arusha, aliichukua akaitazama sana.

"Saini ni nzima," alisema. "Ila ya aina hii hata dada anaweza kuitengeneza kwa simu hii hii. Haiwezi kumthibitishia mtu mwingine."

Sikuwa na la kumlaumu, alisema kweli. Wazee waliguna. Kwetu neno la namna ile husemwa mbele ya watu, likasikika, na mmoja wao aliuliza kama yupo mwingine aliyelisikia kutoka kwa marehemu. Wifi yangu, ambaye naye hakuwa ameambiwa, alinitazama, binti yake amemlalia mapajani. Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tukamzika kando ya baba.

Tangu siku ile sina amani. Naifungua simu nikipika, naifungua nikichambua mboga, ujumbe upo, alama ya kijani ipo. Kuna siku nimejikuta nikijiuliza kama si mimi niliyeuandika. Nasikia kijiko chake kikigonga kikombe. Kikombe chenyewe nilishakigawa kwa jirani, bado nakisikia.

Mwaka huu, tukivuna maharage, baba mdogo alinifuata shambani. Alisimama pembeni mpaka nikaacha kazi.

"Ule ujumbe bado unao?"

"Ninao, baba."

"Ulikuwa wake," alisema, na hakuwa anauliza. "Aliniambia kwa mdomo wake, mwanangu, alipolazwa mara ya mwisho. Oloipiri. Nikamjibu nimesikia."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza wazee walipouliza, akasema alitaka mtoto wa kaka yake alale kwao. Alisema na yeye siku hizi halali. Sikumwonea huruma hata kidogo.

"Basi waite wazee leo. Waambie."

Aligeuka akatazama kaburi, lile tulilolijengea kwa saruji na vigae vyeupe.

"Tumeshajengea, mwanangu. Nani atabomoa?"

Nilimwambia aondoke shambani, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwita baba. Njia ya kwake inapita pale kaburini. Alizunguka nyuma ya zizi, akakata katikati ya mahindi ya jirani, asipite.