Inveta inapiga mluzi wa marehemu mume wangu, na mama mkwe hataki nibadilishe

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu. Naomba unifiche jina, maana huku kwetu tunajuana mpaka kuku wa kila nyumba.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, naishi upande wa Pande, Kilwa, pamoja na mama mkwe wangu. Nina binti yuko sekondari ya bweni. Mume wangu alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Mwaka jana alirudi kutoka shamba la korosho akasema kichwa kinamuuma, akalala, na hakuamka tena. Nikakaa eda, nikatoka, nikakuta maisha yananisubiri mlangoni wala hayana huruma.

Kitongoji chetu umeme wa nguzo haujafika. Marehemu alitufungia sola: paneli juu ya bati, betri, na inveta, kile kisanduku cha ukutani kinachogeuza umeme wa betri uweze kuwasha vitu vya nyumbani. Siku hizi maduka yamejaa inveta za kila rangi na kila uongo. Yeye alichukua ndogo. Muuzaji alimuuliza kama tuna friji, akacheka: "Friji la kuwekea nini, maji ya kisima?" Na kweli, kwa taa, televisheni na simu za majirani ilitutosha kabisa.

Nilipotoka eda nikanunua friji la mtumba, niuze barafu, na akina mama wanaochuuza pweza wa Songo Mnara niwahifadhie mzigo wao. Nikasoma kibandiko nyuma ya friji, nikaona wati zake ni chache kuliko za inveta. Nikasema alhamdulillahi, imetosha. Wenye kujua najua mmeshaanza kunicheka, chekeni tu.

Kumbe friji kila likitaka kuwaka, inveta inapiga kelele halafu inazima. Kelele yenyewe ndiyo iliyonileta kwenu. Inalia ndefu, tena ndefu, halafu inakatika. Marehemu alikuwa na mluzi wake vilevile. Akitoka shamba alasiri, akifika kona ya nyumba anaupiga, mrefu, mrefu, unakatika, ili nimfungulie mlango wa mbele. Mama alimgombeza tangu mdogo kwamba mluzi unaita nyoka, hakusikia.

Siku ya kwanza inveta ilipolia, mama alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka. "Nakuja, baba!" akasema, akakimbia na magoti yake yale mabovu mpaka mlangoni. 

Nikamwambia, "Mama, ni mashine ile." Akaniangalia kama nimemtukana. Jamani, tangu msiba alikuwa hali, hata uji ni wa kubembelezwa. Toka siku ile anakula! Anatandika mkeka chini ya inveta, anaoga mapema, anajifunga kanga safi, anangoja mlio wa alasiri, saa ile aliyokuwa akirudi mwanawe. Ikilia anaitikia, anaisimulia habari za kijiji, nani kaoa, nani kaugua. Akimaliza anaomba chakula chake.

Huku mimi nazama. Pweza wa watu wameniozea mpaka nzi wamehamia kwangu. Mteja mmoja akaniuliza, "Mwenzangu, hilo ni friji au kabati la nguo?" Nikaita fundi kutoka Kilwa Masoko.

Akaangalia, akatikisa kichwa. "Dada, ulisoma wati za friji likiwa linatembea. Mota yake wakati wa kuwaka inavuta mara nyingi ya hapo. Ni kama gari la kusukuma, kazi ni kulitoa pale lilipo, likishaanza kwenda hata mtoto anasukuma. Inveta inachaguliwa kwa ule mvuto wa kuwaka, tena unaiachia na nafasi. Hii ukiendelea nayo utaunguza friji."

Nimeshanunua kubwa, iko ndani ya boksi chini ya kitanda changu. Mama ameiona. "Unataka kumnyamazisha mwanangu," aliniambia. "Kwani ulimchoka tangu lini?" Wallahi maneno yale yaliniuma kama nimefiwa mara ya pili. Nimeosha maiti ya ndoa yangu kwa machozi, halafu naambiwa nilichoka!

Nikamuuliza fundi pembeni, je, ile ya zamani haiwezi kubaki ukutani ikawa inalia tu, kwa ajili ya mama? Akanijibu, "Dada, inalia kwa sababu imezidiwa. Ukiitua mzigo, italia ya nini?"

Tukakubaliana aje Ijumaa baada ya swala. Nilikuwa nimeshakata shauri, Admin, nisingekuandikia. Lakini jana alasiri mama alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye mkeka wake. Mimi niko jikoni nakaanga samaki, mawazo yangu yako kwenye ada ya mtoto. Mluzi ukalia. Mrefu, mrefu, ukakatika.

"Abee, nakuja," nikasema. Nikateremsha kikaango, nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda nikafungua mlango wa mbele. Nje palikuwa na jua na njia ya kwenda shamba. Nilisimama pale mpaka nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, taratibu, wala hanicheki: "Umemwona?"

Ndugu zangu, friji lisipowaka binti yangu atarudi nyumbani. Likiwaka, mama atangoja alasiri ipi, na atakula kwa ajili ya nani? Fundi nimwambie aje au asije? Nipeni shauri kabla ya Ijumaa. Na wale mtakaoniambia kwamba mtu akiitwa na asiyemwona asiitike, nililelewa na maneno hayo hayo. Mimi nimeshaitika.