Vyanzo vya Sura ya Pili

Msimamizi wangu alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba hata akikutukana ungetaka kumshukuru. Siku hiyo alinirudishia sura ya pili ya tasnifu yangu, ile ya mapitio ya machapisho, ikiwa imekatwa kwa kalamu nyekundu tangu mwanzo hadi mwisho.

"Haya umeyatoa wapi?" akaniuliza mbele ya wenzangu.

Tasnifu ilihusu wanawake wa kwetu wanaovuka mpaka kila siku kupeleka mboga Goma. Nikamwambia nimeyatoa kwa mama, maana amevuka na karoti tangu mimi sijazaliwa.

"Mama yako kachapisha wapi?"

Jamani, walicheka! Hata yule niliyekuwa namgawia chapati yangu kila asubuhi alipangusa machozi. Msimamizi akasubiri wamalize, kisha akasema mama si chanzo, na kama sura haitakuwa na vyanzo kabla ya muhula kuisha, nitarudia mwaka.

Kijijini kwetu Cyanzarwe hapakuwa na mwaka wa kurudia. Mama alishasema siku naanza chuo: "Ukianguka, mi silipi tena. Utakuja kubeba kama dada yako." Nami siwezi kubeba. Nilijaribu nilipokuwa msichana, gunia likaniangusha chini, karoti zikatawanyika barabarani, na dada yangu mkubwa akaziokota huku mimi nalia. Dada ana mgongo wa kubeba. Alitolewa shule mapema kwa sababu, mama alisema, hana kichwa. Mwenye kichwa nilikuwa mimi. Jambo hilo lilisemwa nyumbani mbele yake, kama mtu anavyosema kuwa mvua inanyesha, na dada mwenyewe alilisema akicheka. Huyohuyo dada akifika Goma anachanganya faranga zetu, faranga zao na dola, anatoa hesabu ya mzigo mzima bila simu, na sisi tunaita ujanja wa soko. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Basi nikaenda maktaba. Mkutubi alikuwa mwanamke mkali, hapendi hata mtu apumue karibu na kompyuta zake. Nikaandika swali langu lote kwenye kisanduku cha kutafutia, kwa adabu, na alama ya kuuliza mwishoni. Akalitazama.

"Unaomba sala?"

Akalifuta. Akanifundisha kuchagua maneno mawili matatu tu, kuyafungia ndani ya alama za nukuu, na kusoma muhtasari kabla ya kujitia kusoma makala nzima. Nikaandika "kuvuka", neno letu, kwa Kiingereza, yakaja mambo ya mito na madaraja.

"Wanaoandika hawasemi kama nyinyi," akasema. "Tafuta kwa maneno yao."

Kwa maneno yao, mama aliitwa mfanyabiashara mdogo asiye rasmi wa mpakani. Nikaandika hivyo, makala zikamiminika. Loo, hasira niliyopata! Watu ambao matope ya Cyanzarwe hawajawahi kuyakanyaga walikuwa wameandika mambo yaleyale niliyokatiwa kwa wino mwekundu, na wao ni vyanzo.

"Ukipata moja nzuri, angalia mwishoni imemtaja nani, umfuate huyo," mkutubi akaniambia. "Naye pia, angalia amemtaja nani."

Nikafuata. Kusema kweli nikaanza kuipenda kazi hiyo, nikawa nawaringia wenzangu, nawauliza vyanzo vyao viko wapi.

Ndivyo nilivyofika kwenye makala iliyohusu wanawake wa upande wetu. Watafiti hawakuandika majina. Mchuuzi mmoja wa karoti alisimulia jinsi mnunuzi wa Goma alivyomshushia bei, akijua kwamba mpaka unakaribia kufungwa na mzigo hauwezi kurudi. Mwanamke huyo akaketi mlangoni kwa mnunuzi, akaanza kuzila karoti zake mbichi, moja baada ya nyingine, akimwangalia, mpaka akatapika. Mnunuzi akalipa.

Nikacheka peke yangu maktabani. Hadithi hiyo kwetu husimuliwa kila sikukuu. Hakuna mwingine duniani aliyefanya ujinga huo ila mama.

Nikaendelea kusoma. Watafiti walimuuliza alichaguaje mtoto wa kusomesha. Jibu lilikuwa kwa Kiingereza, lakini mimi nilimsikia kwa Kiswahili chake mwenyewe cha mpakani: "Mwenye akili ni ule mukubwa. Mudogo mugongo yake haiwezi kitu, ukimupa muzigo anaanguka. Njo nikamupeleka masomo. Nikipeleka mwenye akili, nani atabeba?"

Niliumia. Sina neno la kisomi la kuweka hapo. Nikayasoma tena na tena mpaka mkutubi akaniuliza kama nimemaliza, maana kuna watu wanangoja. Kisha nikafanya nilivyofundishwa: nikayanakili maneno, nikaweka alama za nukuu, jina la mwandishi, mwaka na ukurasa.

Msimamizi akaisoma sura upya, na alipofika kwenye maneno hayo kalamu yake ikatulia.

"Hii ni safi sana," akasema. "Umeona sasa? Huyu mama anasema kitu."

Akaipitisha sura.

Jioni nilimkuta mama jikoni anaosha karoti za kesho. Nikamsomea maneno yake. Hakuacha kuosha.

"Ni mi nilisema," akajibu. "Walitupatia fanta, wakauliza, nikajibu. Ulitaka niwadanganye?"

"Na mimi je? Mimi ulinidanganya."

"We umekula hiyo uongo mpaka umeshiba." Akakung'uta maji mikononi. "Dada yako asisikie."

Dada akaingia akitoka Goma. Akatupa magunia matupu pembeni, akajishika kiuno kwa mikono miwili, akajinyoosha polepole.

"Walikubali kazi yako?"

"Wamekubali."

Akanirukia, akanikumbatia, jasho na vumbi vyote akanipaka.

"Si nilisemaka!" akamwambia mama kwa furaha. "Huyu njo alizaliwa na kichwa yetu yote."

Mama akamtekea maji ya kunywa. Mimi nikamwambia dada asante.